Mtafsiri na Mzee wa Darini

Hapana, Mama. Mtu anaweza kusema kweli na kumkosea mwenzake kwa sentensi hiyohiyo. Nimelifikiria hili tangu mchana na sijaona pa kutokea. Mama anasema sikumkosea Mtafsiri, kwa sababu yeye alikuwa mwongo na mimi nilikuwa nimesoma. Anasema pia kwamba banda lake la video lingekufa tu, maana siku hizi kila mtu anatembea na filamu kwenye simu, hata wachunga mbuzi. Sawa, simu zipo. Lakini banda la Mtafsiri halikufa kwa simu. Lilikufa siku ya Jumamosi, saa kumi jioni, mimi nikiwa nimesimama juu ya benchi. Simu zilikuja baadaye.

Kwa hiyo namwandika Mtafsiri hapa, yote ninayoyajua, kabla sijabadilisha mawazo. Huwa nabadilisha upesi.

Alizaliwa wapi na lini sijui, sikuwahi kuuliza. Hapa Kasulo aliitwa Mtafsiri tu, hata padri alimwita hivyo. Banda lake lilikuwa la mabati, lina benchi sita kwa ajili ya watu wazima na mkeka mbele kwa ajili ya watoto. Pale mbele palikuwa na televisheni ya chogo, deki, spika moja iliyopasuka upande, na yeye kwenye kigoda na kipaza sauti chake. Filamu zilikuwa za Kizungu. Sauti ya Kizungu aliipunguza mpaka ikawa kama nyuki wa mbali, halafu yeye anasema juu yake kwa Kiswahili kila mtu anachosema.

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona ni kwamba Mtafsiri hakuitazama televisheni. Alikaa kando yake, uso kwa watu, na filamu akaichungulia kwa pembe ya jicho. Mama alimuuliza mara moja kwa nini.

"Filamu imeshapigwa, haitoroki," alisema. "Watu ndio wanatoroka."

Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilikuwa moja tu. Askari, mtoto, jambazi, wote walisema kwa sauti hiyo. Tofauti ilikuwa kwa wanawake: kabla mwanamke hajasema, Mtafsiri alikohoa kwanza, tujue. Filamu yenye wanawake wengi ilisikika kama wodi ya kifua kikuu. Tulizoea. Mimi nilikuwa nadhani wanawake wa Ulaya wanakohoa.

Filamu aliyoipenda, na sisi tukaipenda, ilikuwa ya mafuriko. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu. Yeye aliiita *Maji Yanakuja*. Kuna mji mzuri umejengwa bondeni, juu yake kuna bwawa kubwa. Injinia anasema bwawa lina ufa. Wakubwa wanamwambia aache kutisha watu. Bwawa linapasuka. Kuna dada mmoja anayekimbia na mtoto mgongoni, Mtafsiri alimpa jina la Skolastika kwa sababu lile la kwenye filamu halikumkaa mdomoni. Skolastika ana baba mzee anayekataa kuondoka nyumbani kwake. Anamwambia binti, nenda wewe, mimi nimejenga hapa, nitabaki hapa. Halafu maji yanakuja. Niliiona mara kumi na moja na kila mara niliogopa sehemu hiyohiyo.

Watu wa Kasulo hawakuwa na huruma na ule mji. Sisi tunakaa vilimani, bondeni tunalima. Kulikuwa na mzee mmoja wa benchi la tatu ambaye kila filamu ilipoanza, ule mji ulipoonekana tu, alisema kwa sauti, "Bondeni ni pa maharage. Aliyelala bondeni analia nini?" Watu wanaitikia. Basi siku moja Skolastika yuko juu ya paa la kanisa, maji yamezunguka, analia. Mtafsiri akakohoa, akasema, "Yarabi, kweli wazee wa Kasulo walitwambia!" Yule mzee alikaa wima mpaka mwisho wa filamu kama mtu aliyepewa cheti.

Hata umbali aliutafsiri. Wazungu wakisema maji yamefika sijui wapi, yeye alisema, "Maji sasa yako Nyakahura. Yamebeba mabanda yote ya barabarani. Yakipita daraja, kabla ya misa ya pili yapo hapa." Siku moja mama mmoja alinyanyuka katikati ya filamu akatoka mbio. Tulidhani ameshikwa na tumbo. Alikuwa amekwenda kuanua mihogo yake.

Halafu kulikuwa na Rais. Katika *Maji Yanakuja* kuna Rais anayesimama mbele ya vipaza sauti vingi na kuongea kwa muda mrefu, mambo ya serikali. Mtafsiri hakuelewa hata neno, akaona asipoteze nafasi. Alimpa Rais matangazo ya kata. "Ndugu wananchi, tuko kwenye wakati mgumu. Maji yanakuja. Vilevile, chanjo ya ng'ombe ni Alhamisi ofisi ya kata, kila mtu aje na kamba yake. Mbuzi wa mama wa kantini amepotea, mweusi, ana sikio moja." Yule mbuzi alipatikana kesho yake. Tangu siku hiyo watu wenye tangazo walikwenda kwa Mtafsiri kwanza, kwa mwenyekiti baadaye.

Mpaka Rais alipokosea. Mtu alimwambia Mtafsiri kwamba mnada wa Nyakahura umehamishwa kutoka Jumatano kwenda Ijumaa, naye Rais akatangaza hivyo. Haukuwa umehamishwa. Wazee wawili wa hapa waliswaga ng'ombe wao mpaka Nyakahura, wakalala njiani, wakafika Ijumaa uwanjani wakakuta kunguru. Afisa mifugo aliwauliza nani aliwaambia waje Ijumaa.

"Rais," walisema.

"Rais gani?"

"Wa maji."

Mtafsiri hakukataa kosa. Jumamosi iliyofuata Rais alisimama palepale kwenye vipaza sauti vyake, na badala ya salamu alianza, "Ndugu wananchi, kabla ya yote nawaomba radhi wale wazee wawili wa ng'ombe. Nilidanganywa na washauri." Wazee walikuwepo. Walisema yameisha.

Sasa, mtu akisikia haya atasema kama Mama, mwongo huyo. Ndiyo maana lazima niandike na upande wa pili. Nje ya banda Mtafsiri hakusema uongo hata wa kuondolea aibu. Ukimuuliza kama gauni lako jipya limekukaa, anakwambia limekubana. Akikuuzia maharage, debe lake linajaa mpaka linamwagika, na yale yaliyomwagika anakuokotea. Alikuwa anaungama kila mwezi. Tulisikia, na aliyetusimulia ni yeye mwenyewe, kwamba alimuuliza padri kama kutafsiri vibaya ni dhambi. Padri alisema kama hujui Kiingereza siyo dhambi, ni ujinga tu, na ujinga unasamehewa. Alifurahi sana. Baada ya mwaka alirudi kwa padri, uso umembadilika. "Padri," alisema, "nimeanza kukielewa."

Na aliogopa maji. Hili watu hawaamini. Mtu aliyetuletea mafuriko kila Jumamosi hakuweza kuvuka kijito cha hapo chini wakati wa masika. Wote tulivuka kwa kuruka mawe, yeye alizunguka mpaka daraja la barabarani, karibu saa nzima, na kigoda chake kichwani. Nilimuuliza, "Si maji ya magotini tu, Mzee?" Akasema, "Hata yale ya kwenye filamu yalianza magotini."

Baadaye alipata mahali pa pili pa kuonyeshea, Nyakahura, siku za mnada. Binamu yangu anakaa huko. Nikiwa darasa la sita alikuja kwetu likizo, tukaanza kubishana kuhusu yule mzee aliyekataa kuhama.

"Alikufa," binamu alisema.

"Hakufa. Alipanda darini. Maji yakapita chini."

"We! Alirudi kuwafungua ng'ombe wake, akafa nao. Watu wote walilia."

"Ng'ombe gani? Kwenye ile filamu hakuna ng'ombe!"

"Wako nyuma ya nyumba. Hawaonekani."

Tulikwenda kumuuliza mwenyewe. Mtafsiri alikuwa anafunga kamba za spika. Hakuona aibu kabisa. "Nyakahura ni wafugaji," alisema. "Mtu akifa na ng'ombe wake wanamheshimu. Hapa kwenu ni tofauti." Binamu aliuliza, je, kweli yenyewe ni ipi? Mtafsiri alifikiri, akasema, "Mzee amekataa kuondoka kwake. Hiyo ndiyo kweli. Yaliyobaki ni maji."

Nilijua kwa nini hapa kwetu ni tofauti, ingawa wakati ule sikuweza kulisema. Mara ya kwanza *Maji Yanakuja* kuonyeshwa Kasulo, Babu yangu alikuwa na mwezi mmoja kaburini. Alikuwa ameugua, walimbembeleza aende hospitali, akasema nimejenga hapa nitabaki hapa. Alibaki. Bibi baada ya msiba alikaa ndani, anakula vijiko viwili, anasema ameshiba. Mama alimburuta kwenda banda la video ili apate hewa, ambalo ni wazo la ajabu kwa sababu mle ndani hakukuwa na hewa. Walimweka benchi la mbele. Ikafika pale mzee anasema kwa Kizungu chake kwamba haondoki. Mtafsiri aliyatafsiri maneno yale kama yalivyo. Kisha akamtazama Bibi. Mama anasema alimtazama muda mrefu, filamu ikiwa inaenda yenyewe bila mtu wa kuisemea. Maji yakaingia mlangoni kwa mzee, picha ikahama. Mtafsiri akasema, "Mzee amepanda darini. Ana blanketi na mkate. Maji yanapita chini yake. Atashuka yakipungua, tutamwona sehemu ya pili."

Usiku ule Bibi alikula sahani nzima ya ndizi na maharage. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia, halafu bado anamwita mwongo.

Nafika kwenye ile Jumamosi. Nilikuwa Kidato cha Pili, likizo, na mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameniandikia kwenye ripoti kwamba nafanya vizuri sana. Ripoti ile niliisoma mara nyingi. Bibi hakuwepo siku hiyo, jicho lilikuwa linamsumbua. Banda lilijaa. Kuna mahali Skolastika yuko kambini, anaisikia redio ikisoma majina. Mtafsiri akasema kwa sauti yake, "Redio inasema mvua itapungua kesho." Nami nikaisikia ile redio, chini ya sauti yake, neno kwa neno. Nilikuwa naelewa! Nilipanda juu ya benchi kwa sababu mimi ni mfupi.

"Hajasema hivyo!"

"Kasemaje?" mtu aliuliza.

"Amesema mwili wa baba yake umepatikana. Mzee amekufa. Mtafsiri hajui Kiingereza!"

Mtafsiri alisema taratibu kwenye kipaza sauti, "Kaa chini, mama. Unawaziba wa nyuma."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nawaziba. Lakini wa nyuma walikuwa wameshanogewa. "Mwache mwanafunzi aseme! Mwanafunzi, na hapo kasemaje?" Nikasema. "Na huyu je?" Nikasema. Waliuliza kila sentensi nami nilijibu kila sentensi, nimesimama, mpaka mwisho. Na leo naandika kitu ambacho sijamwambia mtu. Nusu sikuelewa. Rais alipokuja na hotuba yake nilisema anawapa pole wafiwa. Sijui kama alikuwa anawapa pole. Huenda alikuwa anasema mambo ya kodi. Hakuna aliyenipinga, kwa kuwa nilikuwa na sketi ya shule.

Mtafsiri alizima kipaza sauti akakilaza mapajani. Watu walipotoka alifagia mwenyewe. Nilipita mlangoni, akasema, "Umesoma vizuri."

"Asante," nilisema. Hilo tu, asante. Hata shikamoo sikumpa.

Wiki zilizofuata akisema jambo, mtu anaguna, "Una hakika?" Halafu wanacheka. Rais akitangaza chanjo, wanacheka. Mbuzi akipotea, mwenye mbuzi anamtafuta mwenyewe. Kabla ya Krismasi benchi sita ziliuzwa na Mtafsiri akahamia kijiji cha Murusagamba kulima. Hakuna aliyemwambia Bibi habari za yule mzee. Ilikuwa kama watu wote walikubaliana bila kikao.

Hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Mimi nimemaliza Kidato cha Nne, nasubiri matokeo. Mwezi uliopita Mama alinunua televisheni bapa na sola, na binamu akatutumia flashi yenye *Maji Yanakuja* zote mbili. Ndiyo, ya pili ipo, Wazungu waliitengeneza kweli. Tukasema tuanze na ya kwanza, tukumbuke. Mama, Bibi na mimi, Jumamosi mchana, na karanga. Bibi siku hizi anaona kwa jicho moja, na hilo moja linaona watu kama miti inayotembea, kwa hiyo mimi nikawa wa kumsemea. Nilijiandaa kama kwa mtihani.

"Anasema tuondoke," nilisema. "Yeye anasema hapana. Anasema kwa nini. Anasema kwa sababu ya ufa."

"Nani?" Bibi aliuliza.

"Huyu."

"Huyu nani?"

"Mwanamke, Bibi. Skolastika."

"Mbona hajakohoa?"

Nilimweleza kwamba yule mwanamke hajawahi kukohoa. Bibi alinipapasa goti kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Nikaendelea, haraka, maana wanasema haraka. Sikukosea hata neno. Bibi alisinzia maji yalipokuwa yanaangusha mji mzima. Aliamka palepale mzee anapokataa kuondoka, sijui alijuaje.

"Hapa anapanda darini," alisema.

Mama alinitazama. Niliitazama televisheni. Nyumba ile haina dari, ina paa bapa kama sahani iliyofunikwa, sasa naiona vizuri. "Ego, Bibi," nilisema. Ndiyo.

Filamu ilipoisha Bibi alikung'uta maganda ya karanga kwenye kitenge. "Wewe umesoma," alisema, "lakini hujui kueleza. Sehemu ya pili aje mwenyewe."

Nikaenda Murusagamba kwa pikipiki, siku ya Jumatano. Ile barabara inakufundisha kusali. Njia nzima niliandaa maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga vizuri, utangulizi, kiini, hitimisho. Nilimkuta uani anapura maharage kwa fimbo. Amepungua, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja zaidi ya mwingine.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekua. Bado mfupi."

Nilifungua mdomo nitoe utangulizi. "Bibi anakuita," nilisema. Hayo ndiyo yaliyotoka.

"Filamu gani?"

"*Maji Yanakuja*. Sehemu ya pili."

Aliiweka fimbo chini. "Sikujua kama ipo," alisema, na alionekana kweli kushtuka, kama mtu aliyetabiri mvua kwa mzaha akasikia bati linagongwa. Akaingia ndani akatoka na kamusi ya Kiingereza iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Tangu alipoondoka Kasulo anajifunza maneno kumi kila siku kabla ya kwenda shamba. "Nimefika S," alisema. "Nitakuja Jumapili baada ya misa. Lakini nitasema ninachokielewa tu. Nisichokielewa nitasema sijaelewa. Mbele yako siwezi kubahatisha tena."

Nikasema, "Hiyo ndiyo tafsiri sahihi, Mzee." Nilifurahi. Nilirudi Kasulo nimefurahi, pikipiki inanirusha, nikidhani kila kitu kimekaa sawa na maneno yangu ya msamaha hayahitajiki tena.

Leo ndiyo hiyo Jumapili. Bibi alioga asubuhi, akavaa kitenge cha Pasaka, akakaa kiti cha mbele. Mtafsiri alikuja kwa pikipiki, akazunguka daraja la barabarani. Mama alimpa chai na mihogo, akamsifu kwa kuja, kwa sababu Mama anamwita mtu mwongo akiwa hayupo tu. Kisha Mtafsiri akakaa. Alikaa akitazama televisheni, mgongo kwetu, kamusi mapajani.

Sijui niielezeje. Injinia alisema neno, Mtafsiri akainua mkono, nikasimamisha filamu, akapekua, akasema, "Anasema bwawa jipya lina kasoro." Nikaachia. Sentensi mbili. Mkono. Nikasimamisha. "Hapa sijaelewa." Nikaachia. Nilizihesabu zile "sijaelewa" mpaka ishirini na saba. Mtu akitumia maneno ya T na kuendelea, alimruka kabisa. Skolastika alipoanza kusema, Mtafsiri hakukohoa. Rais alikuja, Rais mpya huyu, vipaza sauti vilevile. Mtafsiri alisikiliza hotuba yote dakika tatu, akasema, "Anazungumzia bajeti." Labda ni kweli alikuwa anazungumzia bajeti.

"Ana malaria?" Bibi alimnong'oneza Mama, kwa mnong'ono wake unaofika barabarani.

Halafu ikaja sehemu isiyo na maneno. Skolastika anatembea kwenye majani, ana maua, kuna muziki. Anainama mbele ya jiwe. Kwenye jiwe kuna picha ya baba yake.

"Ameinama wapi huyo?" Bibi aliuliza. "Anaokota nini?"

Hakukuwa na kitu cha kutafsiri. Hakuna aliyesema neno kwa Kizungu. Mtafsiri aligeuka, na hakumtazama Bibi. Alinitazama mimi. Mtu mzima, mwenye mvi, alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama msimamizi wa mtihani, akisubiri kuruhusiwa. Na mimi nilifanya nini? Niliitikia kwa kichwa. Kama mwalimu.

Alisimama, akavua kofia. "Bibi, hapo ni kaburini. Yule mzee alikufa. Alikufa kwenye ile ya kwanza. Nilikudanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipokaa mbele."

Bibi alihesabu kidogo kichwani. "Miaka yote hiyo yuko chini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi nasali rozari ashuke."

Alinyanyuka, akapapasa ukuta, akaingia chumbani kwake akashusha pazia. Mama alisimamisha filamu. Skolastika alibaki ameinama. Zimebaki dakika arobaini, imeandikwa pale chini. Mtafsiri aliivaa kofia, akaivua tena, akamshukuru Mama kwa chai. Mimi aliniuliza, "Nimekosea neno lolote?"

"Hapana," nilisema.

"Basi."

Mvua ilishuka, na dereva wa pikipiki akasema ile barabara hawezi. Mtafsiri amekwenda kulala kwa katekista, nyumba ya tatu kutoka hapa, na pikipiki itamfuata kesho saa mbili asubuhi. Mama akaanza kunifariji, ndipo tukaanza kubishana. Tulikuwa bado tunabishana Bibi aliponiita kutoka nyuma ya pazia.

"Yule mtoto wa Skolastika," alisema, "aliyesombwa na mtumbwi. Alifika?"

Huyo mtoto ni wa mwanzo wa hii sehemu ya pili, mtumbwi umemchukua peke yake, hilo Mtafsiri alilieleza. "Sijui, Bibi. Hatukumaliza."

"Kamalize uje uniambie."

"Nitakwambia wanavyosema."

"Sikukuuliza wanavyosema." Alikaa kitandani, miguu haifiki chini. "Mzee amekufa, sawa. Hata wangu alikufa, siyo habari mpya. Lakini mtoto yuko majini, na mimi niko hapa nimevaa kitenge cha Pasaka. Mwambie yule aje anieleze."

"Amekuja, Bibi. Ameeleza."

"Aliyekuja leo simjui."

Ndiyo maana nimeandika. Mama amepita hapa mara mbili anasema nizime taa ya sola, betri inaisha. Mwisho wa filamu mimi mwenyewe sijauona na sitauona kabla ya Bibi. Kesho nitaamka alfajiri, kabla pikipiki haijaja, nitakwenda kwa katekista, nitapiga magoti uani hata kama pana tope, nimpe shikamoo yake, na nimwombe msamaha kwa neno moja bila kueleza sababu, maana nikianza kueleza nitajitetea. Nitamwambia Bibi anauliza habari za mtoto. Nitambebea kigoda cha jikoni kwetu, nikiweke kando ya televisheni, kimwelekee Bibi. Kamusi nitamwomba nimshikie. Halafu nitaachia filamu pale ilipoishia, na sauti nitaizima kabisa.